Sukari si moja: Jinsi mwili unavyotumia kila aina ya utamu

NENO sukari linapotajwa, mawazo ya wengi huenda moja kwa moja kwa zile chembe nyeupe au za kahawia zinazotiwa katika chai ya asubuhi. Kwa wanakemia na madaktari, hata hivyo, sukari ni jina la ukoo mzima. Ipo sukari ya maziwa, ipo ya matunda na asali, na ipo ile inayozaliwa tumboni baada ya mtu kula ugali au viazi. Kila mojawapo hupitia njia yake mwilini kabla ya kugeuzwa kuwa nguvu, akiba au mafuta.

Tofauti hizo si za maabara pekee. Mgonjwa wa kisukari anayeacha sukari nyeupe na kuhamia asali au sukari nguru akidhani ameepuka hatari, mzazi anayempa soda mtoto anayeharisha, na mtu mzima ambaye tumbo humsokota kila anywapo maziwa, wote hao wanakabiliwa na swali moja: aina hii ya sukari hufanywa nini ikishaingia mwilini?

Ukoo wa sukari

Sukari zote ni kabohaidreti, yaani zimeundwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni. Zilizo sahili kabisa na zenye umuhimu katika chakula ni tatu: glukosi, fruktosi na galaktosi. La kushangaza ni kwamba zote tatu zina idadi sawa ya atomu: sita za kaboni, 12 za hidrojeni na sita za oksijeni. Kinachozitenganisha ni mpangilio. Kama vile herufi zilezile zinavyoweza kuunda neno "kata" na pia neno "taka", atomu zilezile huunda sukari tatu ambazo mwili huzitambua kuwa vitu tofauti.

Sukari hizo huungana mbilimbili. Glukosi ikiungana na fruktosi hupatikana sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya mezani, ile inayokamuliwa kutoka kwa miwa na ambayo imetengenezwa viwandani humu nchini tangu kiwanda cha Miwani kilipoanzishwa mwaka 1922. Glukosi ikiungana na galaktosi hupatikana laktosi, sukari ya maziwa. Glukosi mbili zikiungana hupatikana maltosi, ambayo imo katika nafaka iliyomeshwa, kwa mfano kimea cha wimbi.

Mbali na hizo kuna wanga, ambao ni mnyororo mrefu wa mamia au maelfu ya glukosi zilizoshikana. Ugali, wali, chapati, muhogo, ndizi za kupika na viazi vimejaa wanga. Ulimi hauuhisi utamu wake kwa kuwa mnyororo huo ni mkubwa mno, lakini ukishakatwakatwa tumboni, kinachobaki ni glukosi ileile.

Kuhusu sukari nyeupe, ya kahawia na sukari nguru, zote tatu kwa sehemu kubwa ni sukrosi. Rangi ya kahawia hutokana na mabaki ya molasi, na ingawa mabaki hayo yana madini kidogo, kiasi chake hakibadilishi namna mwili unavyoishughulikia sukari yenyewe. Asali nayo huwa na takriban asilimia 38 ya fruktosi, asilimia 31 ya glukosi na asilimia 17 ya maji. Kwa maneno mengine, nyuki wameshaifanya kazi ya kuitenganisha sukrosi ambayo vinginevyo ingefanywa na utumbo wetu.

Kutoka kinywani hadi utumboni

Safari huanzia kinywani. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilasi ambacho huanza kuukata mnyororo wa wanga. Ndiyo sababu kipande cha mkate kikitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa na utamu hafifu. Tumboni, asidi husimamisha kazi hiyo kwa muda, kisha huendelea ndani ya utumbo mwembamba baada ya kongosho kumwaga amilasi yake.

Hatua ya mwisho hufanyikia kwenye ukuta wenyewe wa utumbo mwembamba. Hapo pana vimeng'enya vilivyojipanga kama mabawabu: sukrasi huipasua sukrosi, laktasi huipasua laktosi na maltasi huipasua maltosi. Kazi hiyo ni ya lazima kwa sababu ukuta wa utumbo haupitishi sukari zilizoungana. Ni glukosi, fruktosi na galaktosi pekee, zikiwa mojamoja, zinazoruhusiwa kuingia katika damu.

Hata hapo milango si mmoja. Glukosi na galaktosi hupitia mlango unaofunguka tu iwapo pana sodiamu, ambayo imo katika chumvi ya kawaida. Sodiamu na glukosi huingia pamoja, na maji hufuata nyuma. Fruktosi ina mlango wake wa pekee usiohitaji sodiamu, lakini mlango huo una uwezo mdogo. Mtu akinywa fruktosi nyingi kwa mkupuo mmoja, sehemu yake huenda ikabaki utumboni, ivute maji na kuliwa na bakteria wa utumbo mpana. Matokeo yake huwa gesi, tumbo kujaa na hata kuharisha.

Chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha

Ujuzi huo wa milango umeokoa maisha ya mamilioni ya watoto. Mnamo 1960, mwanasayansi Mmarekani Robert Crane alieleza katika mkutano mjini Prague jinsi sodiamu na glukosi zinavyosafirishwa pamoja. Kutokana na msingi huo, madaktari walitambua kwamba mgonjwa wa kipindupindu, ambaye utumbo wake unamwaga maji kwa kasi, bado anaweza kufyonza maji iwapo atanyweshwa yakiwa na chumvi na sukari kwa vipimo sahihi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, Daktari Dilip Mahalanabis alitumia mbinu hiyo kuwatibu wakimbizi waliougua kipindupindu nchini India, na vifo vikapungua sana. Mwaka 1978, jarida la matibabu la The Lancet liliandika kwamba ugunduzi huo huenda ukawa ndio hatua muhimu zaidi ya kitabibu katika karne hiyo.

Pakiti zinazotolewa katika vituo vya afya hufuata fomyula iliyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2002, ambapo kila lita moja ya maji huwa na gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi, pamoja na madini mengine. Pasipo na pakiti, mzazi anaweza kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vipimo havipaswi kubahatishwa. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, na sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, jambo linalozidisha maradhi.

Hiyo ndiyo sababu soda na juisi tamu hazifai kuwa dawa ya kuharisha. Sukari yake ni nyingi kupita kiasi, ilhali sodiamu yake ni haba. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, au ambaye kinyesi chake kina damu, hana budi kufikishwa hospitalini bila kuchelewa.

Glukosi: kuni za kila seli

Sukari zikishavuka ukuta wa utumbo huingia katika mshipa unaozipeleka moja kwa moja kwenye ini. Ini ndilo mlinda ghala. Huchukua karibu fruktosi na galaktosi yote inayofika, lakini glukosi huiachia sehemu kubwa iendelee na safari kwenda sehemu nyingine za mwili.

Kiasi cha glukosi kilichomo katika damu ya mtu mzima mwenye afya wakati wowote ni kidogo ajabu: takriban gramu nne hadi tano, yaani kijiko kimoja cha chai katika lita zote tano za damu. Chupa moja ya soda inaweza kuwa na zaidi ya mara sita ya kiasi hicho. Ni dhahiri kwamba pasingekuwa na namna ya kuiondoa haraka, kila mlo ungekuwa hatari.

Kazi hiyo hufanywa na insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Glukosi inapopanda katika damu, kongosho hutoa insulini, nayo huziamuru seli za misuli na za mafuta kufungua milango yake. Ini nalo huamriwa kuweka akiba. Glukosi inaposhuka, kongosho hutoa homoni nyingine, glukagoni, ambayo huliamuru ini kuifungua akiba hiyo. Inafaa kufahamu pia kwamba misuli inayofanya kazi hufungua milango yake hata pasipo insulini. Hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya madaktari kumhimiza mgonjwa wa kisukari atembee kila siku.

Ndani ya seli, glukosi hupasuliwa hatua kwa hatua. Panapokuwa na oksijeni ya kutosha, huchomwa hadi kubaki gesi ya kaboni na maji, na nguvu iliyomo hukusanywa. Mzunguko mkuu wa uchomaji huo ulielezwa na Hans Krebs mwaka 1937, na ukampa tuzo ya Nobel mwaka 1953. Oksijeni inapopungua, kama wakati mtu anapokimbia mbio fupi kwa kasi, misuli huigeuza glukosi kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo haipotei bure. Husafirishwa hadi kwenye ini na kugeuzwa kuwa glukosi tena, mzunguko uliogunduliwa na mume na mke, Carl na Gerty Cori. Wawili hao walituzwa Nobel mwaka 1947 kwa utafiti wao kuhusu glaikojeni, na Gerty akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo katika fani ya tiba.

Glukosi isiyohitajika mara moja huhifadhiwa kwa muundo wa glaikojeni. Ini la mtu mzima huweza kuhifadhi takriban gramu 100 na misuli takriban gramu 400. Akiba ya misuli hutumiwa na misuli yenyewe tu. Ya ini ndiyo inayotolewa kwa mwili mzima, na hasa kwa ubongo, ambao hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku ingawa uzito wake ni asilimia mbili tu ya uzito wa mwili. Mtu anapolala usiku kucha bila kula, ni ini linalokesha likiulisha ubongo wake. Akiba hiyo ikiisha, ini huanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na protini na sehemu ya mafuta, huku mwili ukigeukia mafuta kama kuni kuu.

Maghala yakishajaa na chakula kikaendelea kumiminika, ziada huishia kuwa mafuta, ama kwa kugeuzwa moja kwa moja au kwa kuufanya mwili uache kuyachoma mafuta uliyo nayo.

Fruktosi: mzigo wa ini

Fruktosi ndiyo tamu kuliko sukari zote za asili zilizotajwa hapa, na ndiyo iliyozua mjadala mkubwa zaidi miongoni mwa wataalamu wa lishe. Haihitaji insulini kuingia katika ini, na haipandishi glukosi ya damu kwa kasi. Katika kipimo kiitwacho fahirisi ya glaisemia, kilichobuniwa na Daktari David Jenkins na wenzake jijini Toronto mwaka 1981, glukosi hupewa alama 100, sukrosi hupata takriban 65, ilhali fruktosi haifiki 25.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi fruktosi ilisifiwa kuwa utamu unaowafaa wagonjwa wa kisukari. Ushauri huo umeachwa. Njia ya glukosi ndani ya ini ina kizuizi: seli ikiwa na nguvu ya kutosha, uchomaji hupunguzwa. Fruktosi huingia baada ya kizuizi hicho, kwa hiyo ini huendelea kuichakata bila kujali kama nguvu inahitajika au la. Sehemu kubwa hugeuzwa kuwa glukosi na asidi ya laktiki, na sehemu ndogo huwa mafuta. Mtu akizoea kutumia fruktosi nyingi, hasa ya vinywaji, na akawa anakula kupita mahitaji yake, mafuta hujilimbikiza ndani ya ini na katika damu.

Isitoshe, ini linapoichakata fruktosi kwa haraka hutumia nguvu zake za akiba kwa kasi, na mabaki ya kazi hiyo huwa asidi ya yuriki. Asidi hiyo ikizidi katika damu huweza kuganda kwenye viungo na kusababisha jongo, maradhi yanayojulikana sana kwa maumivu makali ya kidole gumba cha mguu. Tafiti zimehusisha unywaji wa vinywaji vyenye sukari nyingi na ongezeko la jongo.

Je, matunda basi ni adui? La hasha. Embe, chungwa au papai huja na maji na nyuzinyuzi, hutafunwa polepole, na fruktosi yake huingia mwilini kidogo kidogo. Ni vigumu mtu kula machungwa sita kwa kikao kimoja, lakini juisi yake huweza kuinywa kwa dakika mbili. Tatizo ni kiasi na kasi, wala si tunda.

Galaktosi na siri ya maziwa

Galaktosi hutuingia hasa kupitia maziwa. Ikifika katika ini hugeuzwa kuwa glukosi kwa hatua kadhaa zinazoitwa njia ya Leloir, kwa heshima ya mwanasayansi wa Argentina Luis Leloir aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1970. Wapo watoto wachache sana wanaozaliwa bila kimojawapo cha vimeng'enya vya njia hiyo. Kwao, hata maziwa ya mama huwa sumu: hutapika, hupata homa ya manjano na wasipotibiwa huweza kuharibika ini na kupata mtoto wa jicho. Dawa yao ni kuondolewa kila chakula chenye laktosi mara tu ugonjwa unapotambuliwa.

Shida iliyo ya kawaida zaidi huanzia utumboni. Karibu kila mtoto mchanga huwa na laktasi ya kutosha kuyeyusha maziwa ya mamake. Baada ya kuachishwa kunyonya, kimeng'enya hicho hupungua kwa takriban theluthi mbili za binadamu wote. Laktosi isiyopasuliwa hufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huila na kutoa gesi. Hali hii si mzio wa maziwa wala si ugonjwa, na si ishara kwamba maziwa yameharibika.

Jamii za wafugaji zina historia tofauti. Mwaka 2007, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Sarah Tishkoff kilichapisha katika jarida la Nature Genetics matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Kiligundua kwamba wafugaji wa eneo hili walipata mabadiliko ya jeni yanayoendeleza utengenezaji wa laktasi hadi utu uzima, na kwamba mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Yaani, pande mbili za dunia zilifikia uwezo uleule kwa njia mbili tofauti.

Kwa wasio na uwezo huo, wahenga walikwisha kutafuta suluhisho. Maziwa lala, pamoja na mursik ya jamii za Wakalenjin, huchachushwa na bakteria ambao hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi. Ndiyo maana mtu anayesumbuliwa na maziwa ya kawaida mara nyingi huyastahimili yaliyochachushwa.

Mambo yanapoharibika

Kisukari ni hali ambapo glukosi hubaki katika damu badala ya kuingia katika seli. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ugonjwa huo hausababishwi na kula sukari. Kabla ya insulini kugunduliwa jijini Toronto mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best, ulikuwa hukumu ya kifo. Januari 1922, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo. Katika aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi, seli huwa sugu kwa amri ya insulini, na uzito kupita kiasi, hasa mafuta ya tumboni, huchangia sana, pamoja na urithi. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, watu wazima takriban milioni 589 duniani walikuwa na kisukari mwaka 2024.

Figo za mtu mzima huchuja takriban gramu 180 za glukosi kwa siku na kuirudisha yote katika damu. Glukosi inapopita takriban milimoli 10 kwa lita ya damu, figo hulemewa na ziada humwagika katika mkojo ikivuta maji. Hapo ndipo mgonjwa huanza kukojoa mara kwa mara na kuwa na kiu isiyokatika, na ndipo sisimizi huonekana wakikusanyika palipo na mkojo. Mnamo 1776, daktari Mwingereza Matthew Dobson alithibitisha kwamba utamu wa mkojo huo ni sukari. Siku hizi zipo dawa za kisukari zinazofanya kazi kwa kuzizuia figo kuirudisha sukari katika damu.

Kipimo cha milimoli 7.0 au zaidi kwa lita kabla ya kula, kikithibitishwa, ni dalili ya kisukari. Kipimo kingine huangalia kiasi cha glukosi kilichogandamana na chembechembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Kwa hiyo hueleza hali ya miezi miwili au mitatu iliyopita, wala hakidanganywi na mtu aliyejinyima kwa siku mbili kabla ya kwenda kliniki.

Ikumbukwe kwamba kinachopimwa ni glukosi, na glukosi hutoka kwa wanga pia. Mgonjwa anayekunywa chai kavu kisha akala vipande vitano vya mkate mweupe hajaepuka sukari, kwani fahirisi ya mkate mweupe ni takriban 75, juu ya ile ya sukari yenyewe. Vivyo hivyo kwa asali na sukari nguru. Mwili hauulizi sukari ilitoka mzingani au kiwandani.

Sukari inaposhuka ghafla

Kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, hatari ya upande wa pili ni sukari kushuka chini ya milimoli 3.9. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa na hatimaye kuzimia. Hapo sukari ndiyo dawa. Mgonjwa aliye macho apewe takriban gramu 15, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe chochote kinywani, bali akimbizwe hospitalini.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui. Dawa iitwayo akabosi huzuia vimeng'enya vinavyopasua sukrosi na wanga. Mgonjwa anayeitumia pamoja na insulini au vidonge vingine, sukari yake ikishuka, hatasaidiwa upesi na sukari ya mezani kwa kuwa haitapasuliwa. Anahitaji glukosi halisi, inayouzwa katika maduka ya dawa na madukani, ambayo hupenya bila kupasuliwa.

Utamu usio sukari

Aspartamu, sukralosi na stevia huuhadaa ulimi bila kuongeza glukosi katika damu. Hata hivyo, Mei 2023 WHO ilishauri kwamba vitu hivyo visitegemewe kama njia ya kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Sorbitoli na zailitoli, zinazotumiwa katika peremende na ubani usio na sukari, hufyonzwa polepole na kwa sehemu tu. Zikizidi huharisha.

Kiasi gani kinatosha?

Mwaka 2015, WHO ilipendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu zote mtu anazopata kwa siku, na ikiwezekana ipungue hadi asilimia tano. Sukari ya tunda zima na ya maziwa haimo katika hesabu hiyo. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, ambazo ni takriban vijiko 12 vya chai. Asilimia tano ni vijiko sita.

Hesabu ya nyumbani ni rahisi. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko tisa. Soda nyingi zina takriban gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 300 huongeza vijiko vinane. Jumla ni 17, na bado hatujahesabu keki, biskuti wala mandazi. Meno nayo hayana ubaguzi: bakteria wa kinywani huigeuza sukari ya aina yoyote kati ya hizi kuwa asidi, na kinachoamua uharibifu ni mara ngapi sukari huonjwa kwa siku kuliko wingi wa mlo mmoja.

Watoto walio chini ya mwaka mmoja wasipewe asali kabisa, kwa kuwa huweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli. Kwa wengine, hatua za maana ni chache na hazina gharama: kupunguza sukari ya chai kijiko kwa kijiko, kunywa maji badala ya soda, kula tunda badala ya kulikamua, kuchanganya wanga na mboga, maharagwe au samaki ili glukosi iingie polepole, na kutembea baada ya chakula. Aliye na kisukari asibadilishe dawa wala mlo wake kwa kusikia tu, bali amwone daktari au mtaalamu wa lishe, kwani kipimo kinachomfaa jirani huenda kisimfae yeye.